Mvua Ikinyesha Takayama

Leo nakupeleka Japani, ila Tokyo tutaipita bila kushuka. Tunakwenda Takayama, mji wa milimani unaosifika kwa tamasha lake la kale, na nitaanzia mahali ambapo vipeperushi vya utalii huwa havianzii: mvua.

Mgeni amenunua tiketi ya ndege. Chumba cha hoteli amekiwahi miezi kadhaa nyuma, maana siku za tamasha vyumba huisha mapema na bei hupanda bila aibu. Amepanda treni kutoka Nagoya, amefika salama, na asubuhi ya tarehe 14 Aprili anafungua pazia huku kamera ikimning'inia shingoni. Nje kuna manyunyu. Si mvua ya masika tuijuayo sisi, ile inayofunga barabara na kuahirisha harusi. Manyunyu tu, ya kulowesha nywele. Basi, imetosha. Yatai, ile minara inayovutwa mitaani siku za tamasha, hazitoki. Hakuna wa kumshitakia, hakuna nauli inayorudishwa, na keshokutwa tamasha litakuwa limekwisha hadi mwakani.

Wapo wageni wanaonuna, na siwalaumu. Lakini kwangu mimi uamuzi huo unaueleza mji wa Takayama kuliko picha yoyote. Tamasha linaloweza kusema "leo hapana" mbele ya maelfu ya watu waliotoka mbali ni tamasha lenye wenyewe. Na hao wenyewe ndio ninaotaka tuwazungumzie leo.

Tuanze na mahali. Takayama iko kaskazini mwa mkoa wa Gifu, katika eneo linaloitwa Hida, mita zinazokaribia 600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Nagoya treni hutumia kama saa mbili na nusu, ikifuata mto, ikiingia na kutoka kwenye mahandaki, na kadiri unavyopanda ndivyo mashamba yanavyozidi kuwa membamba na misitu kuzidi kuwa minene. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1934. Kabla ya hapo, kwenda Hida ilikuwa safari ya miguu na farasi, na theluji ikishaanguka hakuendeki. Tangu mwaka 2005, Takayama ilipounganishwa na miji midogo na vijiji vya jirani, ndiyo manispaa yenye eneo kubwa kuliko zote Japani: kilomita za mraba 2,177, yaani inakizidi kisiwa kizima cha Unguja. Ila wakazi wake hawafiki 90,000. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni msitu.

Na msitu ndio chanzo cha yote. Katika karne ya nane serikali ya kifalme ilipopanga kodi, watu wa Hida walionekana hawana kitu: ardhi haba, mpunga kidogo. Walichokuwa nacho ni mbao na mikono inayojua mbao. Basi wakasamehewa sehemu ya kodi walizolipa wenzao, na badala yake kila kijiji cha kaya 50 kikapeleka wanaume kumi mji mkuu kufanya kazi ya ujenzi. Mahekalu na majumba ya kifalme ya Nara, na baadaye Kyoto, yamepita mikononi mwa mafundi hao. Utaratibu huo ulidumu karne na karne. Fikiria vizazi vyote hivyo vya vijana wanaokwenda kujenga fahari ya watu wengine, kisha wanaorejea, wanarejea na ufundi kichwani na kuukuta mji wao uleule wa theluji.

Watawala wa ukoo wa Kanamori wakaja mwishoni mwa karne ya 16, wakajenga ngome na kupanga mitaa ya wafanyabiashara chini yake. Mwaka 1692 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ikawahamisha na kuitwaa Hida moja kwa moja, kwa sababu ya mbao na madini. Ofisi ya serikali hiyo, iitwayo Takayama Jinya, bado ipo katikati ya mji, pembeni mwa daraja jekundu la Nakabashi, na ndiyo pekee ya aina yake iliyobaki Japani nzima ikiwa na jengo lake kuu. Iliendelea kutumika kama ofisi ya umma hadi 1969. Ukipita humo utaona vyumba vya mikeka, ghala la mpunga wa kodi, na chumba cha kuhojia washitakiwa ambacho hakihitaji maelezo marefu.

Nimepita haraka kwenye historia hii kwa sababu ninachotaka ufike nacho kwenye tamasha ni kitu kimoja: mji wenye mafundi hodari, mbao tele, na wafanyabiashara matajiri wasioruhusiwa kujionyesha. Kwa ngazi za jamii ya wakati ule, mfanyabiashara alikuwa chini. Mavazi yake yalikuwa na mipaka, nyumba yake ilikuwa na mipaka. Ukitembea leo mitaa ya Sanmachi utaziona nyumba hizo: nyeusi, zenye paa la chini, dirisha la mbao nyembambanyembamba, na kwenye duka la mtengeneza sake, pombe ya mchele, mpira mkubwa wa matawi ya mwerezi umetundikwa mlangoni. Ukiupita mtaa kwa haraka utadhani hapa waliishi watu wa kawaida kabisa. Fedha zilikuwapo. Ziliingia kwenye yatai.

Yatai ni nini? Ni mnara wa mbao wa ngazi tatu juu ya magurudumu, unaovutwa kwa kamba. Una nakshi za kuchongwa, vipande vya shaba na dhahabu, mapazia yaliyotariziwa, na kote umepakwa urushi, utomvu wa mti unaong'aa ukikauka. Yatai zilianza kuonekana Takayama mwanzoni mwa karne ya 18, na sura zilizo nazo leo zilitokana kwa kiasi kikubwa na mashindano ya karne ya 19, pale mtaa mmoja ulipoongeza joka la kuchonga na mtaa wa pili ukaona haulali usingizi mpaka nao umeongeza lake, kubwa zaidi. Husuda ya jirani, msikilizaji, imejenga vitu vizuri duniani kuliko tunavyokiri.

Matamasha yenyewe ni mawili. La majira ya kuchipua huwa tarehe 14 na 15 Aprili, nalo ni la hekalu la Hie, linalolinda nusu ya kusini ya mji wa kale. Lina yatai 12. La majira ya kupukutika majani huwa tarehe 9 na 10 Oktoba, la hekalu la Sakurayama Hachiman, upande wa kaskazini. Lina yatai 11. Mpaka kati ya pande hizo mbili ni barabara moja tu, Yasugawa. Kwa hiyo mtu wa kusini, Oktoba ikifika, ni mtazamaji kama wewe. Duka lake linaweza kuwa hatua chache tu kutoka duka la mwenzake wa kaskazini, lakini kamba ya Oktoba si yake kuishika.

Hapo ndipo utakapoelewa umiliki. Yatai si mali ya manispaa, wala si ya kampuni ya utalii. Kila yatai ina kundi la kaya za mtaa wake, na kundi hilo ndilo linaloitunza, linaloivuta, linalojua ubao upi umeanza kulegea. Serikali inatia mkono, kweli. Yatai zilitangazwa kuwa mali ya urithi wa taifa mwaka 1960, na mwaka 2016 UNESCO ikayaingiza matamasha 33 ya Japani ya aina hii katika orodha yake ya urithi usioshikika, Takayama likiwamo. Ruzuku za matengenezo zipo. Lakini funguo za ghala ziko mtaani.

Ghala hizo nazo usizipite bila kuzitazama. Zimesimama katikati ya nyumba za watu, ndefu, nyembamba, nyeupe, na zina milango mirefu ajabu. Mgeni asiyejua atashangaa ni gari gani linaloegeshwa humo. Kuta zake ni za udongo mzito. Mji wa mbao hufa kwa moto, na Takayama imeungua zaidi ya mara moja, na yatai kadhaa zikapotea. Basi wakaamua kwamba ikiwa nyumba zetu zitaungua, hiki kisiungue. Ndani ya ghala hiyo yatai hukaa karibu mwaka mzima. Siku inazotoka ni mbili, zikiwapo. Siku nyingine zote ni kazi ya kutazama unyevu, panya, mchwa, nyuzi zinazokatika na rangi inayobanduka. Kitu kikiharibika anaitwa seremala, anaitwa mchongaji, anaitwa fundi wa urushi, anaitwa fundi wa magurudumu. Hida bado wanao mafundi hao, na sababu mojawapo ni kwamba yatai zimewapa kazi kizazi baada ya kizazi.

Sasa rudi kwenye manyunyu yetu ya asubuhi. Urushi na tarizi za zamani, zilowe kwa ajili ya picha yako? Ukishajua kazi ya mwaka mzima, swali lenyewe linakuwa la kitoto.

Tuseme leo Mungu amejalia, mbingu ni safi. Nini cha kutazama? Watu wengi hukimbilia yatai, nami sitakuzuia. Lakini kiini cha tamasha ni kitu kingine, kidogo kuliko yatai, ambacho nusu ya wageni hukipa mgongo wakibadilisha betri ya kamera. Ni mikoshi, kiti cha kubebwa kinachoaminiwa kumchukua kami, mlinzi wa hekalu, akizungushwa katika mitaa anayoilinda. Hutangulia wacheza ngoma ya simba, hufuata wapiga upatu wa shaba, na wanaume wa mitaani waliovaa mavazi rasmi ya zamani yenye mabega mapana. Mwenye nyumba hutundika pazia na taa ya karatasi mlangoni. Bibi mzee hutoka, huinamisha kichwa, hurudi ndani. Hakuna makofi. Kwa mpango wa ibada yao, hii ndiyo shughuli, na yatai zimeletwa kumfurahisha mgeni mheshimiwa, ambaye si wewe wala mimi.

Kisha kuna vikaragosi, na hapa naomba tukae kidogo. Kati ya yatai 12 za Aprili, tatu zina vikaragosi vinavyocheza. Kati ya 11 za Oktoba, ni moja tu. Kutoka ngazi ya juu hutokeza boriti ndefu kuelekea mbele, juu ya vichwa vya watu, na kikaragosi husogea juu yake mpaka mwisho. Wachezeshaji wamejificha ndani ya yatai. Huwaoni, wala wao hawaioni vizuri kazi ya mikono yao. Wanavuta nyuzi. Katika yatai iitwayo Sanbaso, mtoto huinamia kisanduku na kuinuka akiwa na uso wa mzee, kisha anacheza. Katika Ryujintai, mtoto hubeba chungu hadi ncha ya boriti, akakiweka, na ghafla chunguni huchomoka mungu wa joka mwenye nywele nyekundu, vipande vya karatasi vikiruka angani, na watoto walio chini hupiga kelele ingawa mwaka jana walikiona hikihiki.

Lakini bingwa ni yule wa Oktoba. Hotei, mungu mnene wa bahati njema, amesimama kwenye boriti akicheka. Nyuma yake kuna vibembea vilivyopangwa kwa mstari. Watoto wawili wa mbao, mmoja baada ya mwingine, wanabembea, wanaachia fimbo moja, wanadaka inayofuata, wanapinduka, hadi wanafika mabegani mwa Hotei. Ninaposema wanaachia, namaanisha wanaachia. Kuna nyuzi 36 nyuma ya mchezo huo, na wavutaji lazima wapumue pamoja. Mmoja akichelewa kidogo, mtoto anakosa fimbo mbele ya umati mzima. Hufanyi kazi hiyo kwa kusoma kitabu. Unakaa karibu na mjomba aliyevuta kabla yako, miaka, unapewa uzi mmoja, kisha wa pili. Nimeona sarakasi za watu wenye misuli na taa za rangi, na bado nasema kitu hiki cha mbao kinachochezwa barabarani bure, bila kiingilio, kinanishika zaidi.

Magurudumu nayo yana akili yake. Mnara mzito hivyo hauwezi kukata kona kama teksi. Basi chini yake kumefichwa gurudumu la ziada: wakifika kwenye kona hulishusha, mbele ya yatai inanyanyuka kidogo, na watu wanauzungusha mnara wote juu ya gurudumu hilo. Simama kwenye kona, si kwenye barabara iliyonyooka. Utaona watu wazima wakitoa amri kwa sauti, vijana wakisukuma, na mbao za karne mbili zikilia.

Jioni ya siku ya kwanza yatai hutoka tena, kila moja ikiwa na taa za karatasi karibu 100. Usiku wa Aprili Takayama bado ni baridi kali, kwa hiyo beba koti hata kama mchana maua ya cheri yalikudanganya. Chakula kipo barabarani: nyama ya ng'ombe wa Hida kwenye mishikaki, na vidonge vya unga wa mchele vilivyochomwa na kupakwa mchuzi wa soya. Mahali pengi Japani vidonge hivyo ni vitamu. Takayama ni vya chumvi, na mwenyeji atakwambia kwa uhakika kabisa kwamba wengine wote wamekosea.

Nirudi kwa wenyewe, maana hapo kuna jambo linaloniuma. Japani inazeeka. Karibu watu watatu kati ya kumi wana miaka 65 au zaidi, na vijana wa miji ya milimani huenda Nagoya, Osaka, Tokyo. Kamba ya yatai inataka mikono. Mwezi Februari 2024, huko Oshu, mkoa wa Iwate, hekalu la Kokuseki-ji lilifanya kwa mara ya mwisho tamasha lake la Sominsai, lililoaminika kuwa na zaidi ya miaka 1,000. Vita havikuliua, wala marufuku. Wazee walioliendesha walichoka, na wa kuwapokea hawakutosha. Takayama haijafika huko, nayo ina bahati ya kuwa na jina kubwa. Lakini jina kubwa lina gharama zake. Nyumba ya mtaa wa kale ikigeuzwa duka la zawadi au nyumba ya wageni, mtaa umepata fedha na umepungukiwa na kaya. Mtalii havuti kamba. Anaweza kuja kwa mamia ya maelfu kila mwaka, kama wanavyokuja, na ghala ikabaki bila mtu wa kuifungua.

Mwaka 2020, korona ilipozuia yatai kutoka, mji uliokosa mapato ulilalamika, na ilikuwa haki yake. Nami nilijiuliza, kama fedha za wageni zingekuwa ndiyo sababu ya tamasha, lingerudi kwa sura ileile? Nyuzi 36 za Hotei hazikujifundisha zenyewe katika miaka ile ya ukimya. Kuna watu walioendelea kuzijali.

Kwa hiyo ukienda, nenda ukijua. Usiguse yatai, hata kama umati umekusogeza karibu nayo. Usipande ngazi ya nyumba ya mtu upate picha nzuri. Mikoshi ikipita, shusha simu kidogo. Na mvua ikinyesha, usirudi hotelini kulala na hasira: tembea mitaani ukiwa na mwavuli, kwa sababu siku kama hiyo wenyeji huifungua milango ile mirefu ya ghala na kukuacha uzione yatai zikiwa ndani. Utakuwa karibu nazo kuliko siku ya jua, na huenda ukamkuta mzee wa mtaa amekaa kwenye kigoda mlangoni akilinda zamu.

Asiyependa msongamano aende mwezi mwingine kabisa. Karibu na hekalu la Hachiman kuna ukumbi unaoonyesha yatai nne za Oktoba kwa zamu. Na mwenye siku za ziada mwezi Aprili asifanye haraka kuondoka; tarehe 19 na 20 mji jirani wa Furukawa, robo saa hivi kwa treni, una tamasha lake, nalo pia limo katika orodha ile ya UNESCO. Huko usiku hupitishwa ngoma kubwa juu ya jukwaa linalobebwa, na vikundi vya wanaume waliovaa vitambaa vya kiunoni kwenye baridi hiyohiyo niliyokwambia hukimbilia jukwaa hilo na ngoma zao ndogo, kila mtaa ukitaka kuwa wa karibu zaidi. Mgeni huambiwa asimame wapi. Asimame hapohapo, maana vijana wale wakishachanganya mwendo hawana breki.